Siku Moja Milimani Kabla Majani Hayajapukutika

Nawasalimu wa Manchester na Concord, wa Lowell na Worcester, wa Portland na Lewiston kule Maine, na kila aliyefungulia redio akiwa njiani kuelekea zamu ya usiku. Leo tuweke kando habari za kodi ya nyumba na makaratasi ya uhamiaji. Nataka tuzungumze juu ya safari ya siku moja, kwenda na kurudi, kupita katika milima ya White Mountains huko New Hampshire, katika majuma haya machache ambayo majani yanageuka rangi kabla ya kupukutika.

Kwa nini nimeona jambo hili lafaa kuletwa redioni? Kwa sababu wapo watu wanaopanda ndege kutoka mabara mengine kuja kuyaona majani hayo, na sisi tunaoishi mwendo wa saa chache tu tunayaona kwenye kalenda. Wengi wetu tumekaa hapa miaka mingi, na barabara tunazozijua ni ya kazini, ya msikitini au kanisani, na ya uwanja wa ndege tunapokwenda kumpokea mgeni. Nikiuliza sababu, naambiwa mambo matatu: muda hatuna, pa kuanzia hatupajui, na kule si kwetu. Nitayajibu yote matatu. Lakini tangu sasa mshike neno moja, maana mengine yote yatalizunguka hilo: safari ya milimani hupangwa kwa saa za mwanga. Anayehesabu maili peke yake hujikuta gizani, amechoka, watoto wanalia, na alichokifuata hakukiona.

Tuanze na majani yenyewe, kwa kuwa ukijua kinachoyageuza rangi utajua siku ya kwenda.

Kwetu Afrika, karibu na ikweta, mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima. Miti yetu husikiliza mvua. Mbuyu hupukutisha majani wakati wa kiangazi, mvua ikija ukachipua tena. Miti ya huku kaskazini husikiliza mwanga. Baada ya tarehe 22 au 23 Septemba usiku huanza kuushinda mchana, na katika sehemu hii ya dunia mchana hupungua kwa karibu dakika 3 kila siku. Mti unapoona mwanga unapungua, huacha kutengeneza klorofili, ile rangi ya kijani inayoufanyia kazi ya kupika chakula chake. Kijani kikififia, njano hujitokeza, na njano hiyo ilikuwemo ndani ya jani tangu majira ya joto, imefunikwa tu. Nyekundu ni habari nyingine. Nyekundu hutengenezwa upya wakati huo huo, kwa sukari iliyobaki ndani ya jani baada ya njia ya kwenda kwenye tawi kuanza kuzibwa. Mchana ukiwa na jua kali na usiku ukiwa wa baridi isiyofikia kuganda, wekundu hukolea. Mvua kubwa na upepo vikija kwa pamoja, majani huanguka kabla ya siku zake.

Ndiyo sababu miti ya mepo, ile ile inayotoa sharubati tamu ya kumiminia kwenye chapati za maji, huwaka nyekundu na rangi ya chungwa, wakati betula zenye magome meupe hubaki za njano. Mialoni huchelewa, nayo huishia kwenye rangi ya kahawia. Misonobari haibadiliki. Inabaki kijani kibichi katikati ya moto huo wote, na bila kijani hicho wekundu usingeonekana mkali namna ile.

Rangi hizi zina mwendo wake. Huanzia kaskazini zikashuka kusini, na huanzia juu ya mlima zikashuka bondeni. Katika White Mountains wakati mzuri kwa kawaida ni kuanzia siku za mwisho za Septemba hadi katikati ya Oktoba, na majuma mawili ya kwanza ya Oktoba ndiyo kiini chake. Kila mwaka una tarehe zake, na idara ya utalii ya jimbo hutoa taarifa ya hali ya majani katika msimu huu. Isome kabla ya kuomba ruhusa kazini. Na ukisikia juu kumeshapukutika, usivunje safari. Shuka chini mabondeni, au ngoja majuma mawili utembelee kusini mwa New Hampshire na Massachusetts.

Sasa tuje kwenye muda. Hapa nataka wanisikilize hasa wale wanaofanya kazi kwenye nyumba za kutunzia wazee, hospitalini, maghalani na viwandani. Wengi wenu mnalalamika kwamba siku yenu ya mapumziko huangukia Jumanne au Jumatano, wakati ndugu na jamaa wote wako kazini. Kwa safari hii, hiyo ni bahati. Jumamosi na Jumapili za Oktoba barabara za milimani hujaa. Mbaya kuliko zote ni wikiendi ya Jumatatu ya pili ya Oktoba, ambayo ni sikukuu ya taifa. Magari husimama mkia kwa mkia, maegesho yanakuwa yamejaa kabla ya saa 4 asubuhi, na watu hutumia mchana mzima wakitazama taa nyekundu za gari la mbele. Jumanne yako, dada, inashinda Jumamosi ya bosi wako.

Barabara ninayoipendekeza ni Barabara ya Kancamagus, namba 112. Inatoka mji wa Lincoln upande wa magharibi mpaka Conway upande wa mashariki, maili 34 na nusu, yaani kilomita 55 na kidogo. Ilifunguliwa kwa safari ya kupita mwisho hadi mwisho mwaka 1959. Kilele chake kiko futi 2,855 kutoka usawa wa bahari, karibu mita 870. Mtu wa Lushoto, wa Nyeri au wa Bukavu atasema kwao ni juu zaidi ya hapo, na atakuwa amesema kweli. Lakini huku tuko mbali sana na ikweta. Katika Oktoba unaweza kuondoka Manchester umevaa shati, ukafika juu ukakuta theluji inaanguka. Kila mtu awe na koti, hata kama nyumbani kuna jua.

Jambo la kwanza la kujua kuhusu barabara hii ni kwamba katikati hakuna kitu cha kununua. Kuanzia ukitoka Lincoln mpaka unakaribia Conway, hakuna kituo cha mafuta, hakuna mkahawa, hakuna duka. Simu nazo hazishiki mtandao kwa sehemu kubwa ya njia. Jaza mafuta Lincoln au Conway hata kama mshale unaonyesha nusu tanki. Pakua ramani kwenye simu ukiwa nyumbani. Mwachie mtu mmoja wa nyumbani habari: tunapita njia hii, tunategemea kurudi saa fulani, usipotusikia baada ya hapo uulize. Wazazi wetu walifanya hivyo kila walipoaga safari, na enzi hizo simu hazikuwapo.

Sasa tupange siku kwa mwanga. Mwanzo wa Oktoba jua huchomoza huko karibu saa 12:45 asubuhi na kutua karibu saa 12:20 jioni. Hizo ni saa kumi na moja na nusu. Lakini katikati ya milima jua hupotea nyuma ya mgongo wa mlima mapema kuliko linavyotua kwenye saa yako, na mabonde huingia kivuli na baridi. Toa muda wa kwenda na kurudi, toa muda wa kula, na utaona kwamba mwanga mzuri ulio nao milimani ni saa tano au sita. Ndani ya saa hizo, barabara ya Kancamagus bila kusimama ni saa moja. Usidanganyike na hiyo saa moja ukaongeza na Mlima Washington, na maporomoko yote yaliyo kwenye ramani, na duka la nguo la kule North Conway. Chagueni vituo vitatu. Familia iliyosimama mara tatu, ikashuka garini, ikagusa maji na kukaa kitako, imeuona mlima. Iliyosimama mara kumi na mbili kupiga picha dirishani imeliona dirisha.

Mwelekeo wa safari nao hutegemea jua. Jua la Oktoba liko chini, na likimpiga dereva usoni kwenye kona, haoni kitu.

Ninyi wa Maine, anzieni Conway. Kutoka Portland ni mwendo wa saa moja na nusu hivi. Asubuhi mtakuwa mnaelekea magharibi, jua likiwa mgongoni, na milima iliyo mbele yenu ikiwa imeangaziwa yote. Pandeni mpaka kilele, kuleni, kisha geuzeni. Alasiri mtakuwa mnashuka kuelekea mashariki, na jua litakuwa mgongoni tena.

Ninyi wa Manchester, Lowell na Worcester, mtaanzia Lincoln kwa kufuata barabara kuu ya I-93. Ninyi asubuhi jua litakuwa usoni, kwa hiyo msikimbilie kupanda. Futeni kioo cha mbele kwa ndani pia, maana ukungu na alama za vidole vya watoto hugeuka ukuta mweupe jua likivipiga. Kisha simameni kituo cha kwanza, Lincoln Woods, mkitoka Lincoln kwa maili chache tu, mtembee hapo mpaka jua lipande. Njia ya hapo ni pana, tambarare, inafuata mto, na bibi mwenye fimbo anaweza kwenda nayo mwendo mzuri. Mkishuka Conway alasiri, msirudi Lincoln. Fuateni barabara namba 16 kuelekea kusini. Upande wa kaskazini ndiko kuliko na msongamano.

Njia hiyo ya Lincoln Woods haikuwa tambarare kwa bahati. Palipita reli. Mwishoni mwa karne ya 19 mfanyabiashara wa magogo, James Everell Henry, aliushika mji wa Lincoln na misitu iliyouzunguka. Reli yake ilipeleka magogo chini kwenye mashine za mbao na karatasi, na iliendelea kufanya kazi mpaka 1948, muda mrefu baada ya yeye kufa. Milima ile mnayokwenda kuiona ikiwaka rangi ilikatwa miti upande baada ya upande. Matawi yaliyoachwa yalikauka, moto ukayashika, na mvua ikaja kuuosha udongo usio na mizizi ya kuushikilia. Maji yalipoacha kuzuiwa na msitu, mto ulifurika masika na kupungua mno kiangazi.

Mto gani? Hapa ndipo nilipotaka tufike, ndugu zangu, kwa sababu hapa pana jibu la yule anayesema kule si kwetu. Kilele cha Kancamagus hugawa maji. Tone linaloanguka upande wa magharibi huingia mto Pemigewasset, na Pemigewasset ukaungana na mwenzake kuwa Merrimack, na Merrimack ukapita katikati ya Concord, ukapita Manchester, ukapita Lowell mpaka baharini. Maji ya bomba ya Lowell hutoka katika mto huo. Mama anayepika ugali Lowell leo jioni ameutia mlima huo sufuriani. Tone linaloanguka upande wa mashariki huingia mto Swift, halafu Saco, na Saco huvuka Maine mpaka bahari. Kwa hiyo wa Massachusetts na wa Maine, tukisimama pale juu tumesimama kwenye chanzo cha mito yetu.

Viwanda vya nguo vya Manchester, vilivyoendeshwa kwa nguvu ya maji ya Merrimack, viliumia mto ulipoharibika, na wenye viwanda wakaungana na wapenda misitu kudai hatua. Mbunge mmoja wa Massachusetts aliyezaliwa Lancaster, New Hampshire, aitwaye John W. Weeks, alisukuma mswada, na tarehe 1 Machi 1911 Rais Taft akautia saini. Sheria hiyo iliipa serikali kuu uwezo wa kununua ardhi ya watu binafsi ili kulinda vyanzo vya mito. Kwa sheria hiyo milima ilinunuliwa kipande kwa kipande, na mwaka 1918 ukatangazwa Msitu wa Taifa wa White Mountain. Kila jani mtakaloliona liko pale kwa sababu watu wa bondeni walikataa mlima wao ubaki jivu. Ni ardhi ya umma. Anayelipa kodi katika nchi hii, awe alizaliwa Boston au Uvira, anaitunza kwa kodi yake, na hakuna mlango wa kuomba ruhusa. Kupita barabarani hakulipiwi. Baadhi ya maegesho hutoza ada ndogo ya siku: unachukua bahasha kwenye kisanduku, unatia pesa, unakata kipande chenye namba na kukiweka juu ya dashibodi. Chukueni noti ndogo ndogo, maana hakuna wa kuwarudishia chenji.

Na kabla ya hao wote walikuwepo wengine. Kancamagus lilikuwa jina la mtu, kiongozi wa mwisho wa shirikisho la Pennacook mwishoni mwa karne ya 17, mjukuu wa kiongozi mkuu Passaconaway. Vita na walowezi wa Kiingereza vilimsukuma yeye na watu wake kaskazini kuelekea Canada. Kati yetu wapo waliokimbia makwao usiku na watoto mgongoni. Wanapopita kwenye kibao chenye jina hilo, ninaomba walitamke kwa heshima na kuwaeleza watoto ni la nani.

Turudi barabarani. Baada ya Lincoln Woods barabara inapanda, na kuna kona moja kali inayojikunja kabisa, na hapo hapo kuna kituo cha kutazamia mandhari kiitwacho Hancock. Ukipanda zaidi unafikia kituo cha Pemigewasset, karibu na kilele. Hivi viwili ni vya kushuka garini tu, hakuna kutembea, kwa hiyo vinawafaa wazee na wagonjwa. Chagua kimoja, hicho kiwe cha pili. Ukivuka kilele unaanza kushuka upande wa mto Swift. Utaona kibao cha Sabbaday Falls. Maporomoko hayo yako mwendo mfupi wa miguu kutoka maegeshoni, njia ni nzuri, na maji yanateremka kwa ngazi ndani ya korongo jembamba la mawe. Hicho ni cha tatu. Mkiwa na watoto wasiopenda kutembea, kipiteni mwende mpaka Rocky Gorge, ambapo mto umechimba mwamba na kuna daraja la miguu juu yake. Pale msiogelee, ni marufuku, na maji yana nguvu kuliko yanavyoonekana. Mbele kidogo kuna daraja la mbao lenye paa, liitwalo Albany, lililojengwa mwaka 1858, nalo linatosha kutazamwa mkiwa mnaendelea na safari.

Sasa niseme na dereva peke yake. Baba, mama, ukishika usukani milimani, majani ni ya abiria. Wewe utayaona ukisimama. Usisimame katikati ya barabara kwa ajili ya picha, kwa maana nyuma ya kona yuko mwenzako anayekuja. Vituo vya kuegesha ni vingi, vitumie. Kushika simu mkononi ukiendesha ni kosa kisheria New Hampshire tangu 2015. Mkanda, sheria ya jimbo hilo haimlazimishi mtu mzima kuufunga, lakini mlima haujui sheria. Fungeni wote, na wa viti vya nyuma pia.

Kwenye mteremko, wale waliowahi kupanda mlima wa Kitonga kule Tanzania au kushuka Mai Mahiu kule Kenya wanajua kanuni ya madereva wa malori: gia uliyopandia ndiyo ya kushukia. Gari lako la otomatiki nalo lina gia ndogo. Liweke hapo uiachie injini ikusaidie kulishika gari. Ukikanyaga breki mfululizo hupata joto, na breki zenye joto kali hazishiki. Kabla ya siku ya safari pima upepo wa matairi, kagua wipa, na hakikisha taa zote zinawaka. Majani yaliyolowa barabarani huteleza kama sabuni, hivyo mvua ikinyesha punguza mwendo mapema, kabla ya kona.

Na kuna mnyama. Wenyeji wanamwita moose, wa jamii ya kulungu, lakini ni mkubwa kuliko farasi, dume lake hufikia kilo mia tano na zaidi. Septemba na Oktoba ndiyo majira yao ya kupandana, kwa hiyo madume huzunguka bila kujali magari. Manyoya yao ni ya giza na miguu yao ni mirefu mno, kiasi kwamba taa za gari humulika miguu tu, na ukimgonga mwili wote huja juu ya kioo. Hutembea hasa alfajiri na magharibi. Hii ndiyo sababu kubwa ya mimi kusisitiza mwanga: ifikapo saa 9 alasiri, popote mlipo, anzeni kurudi. Hata kama watoto wanaomba dakika kumi. Saa 9 ni saa 9. Giza liwakute kwenye barabara kuu yenye njia pana.

Chakula ni furaha ya safari, na sisi hatuhitaji kufundishwa. Chai ya tangawizi kwenye chupa, maandazi, chapati, mayai ya kuchemsha, sambusa, kuku wa jana. Pikeni usiku wa kuamkia safari, asubuhi iwe ni kupakia tu. Wanaosumbuliwa na kichefuchefu kwenye kona wakae mbele, wale kidogo, watazame mbali, na kipande cha tangawizi hakiwadhuru. Chukueni dumu la maji. Vyoo vingi vya huko ni vya shimo na havina bomba, kwa hiyo anayetaka kutawadha kwa sala ya adhuhuri awe na maji yake, na mkeka wake garini. Takataka zote rudini nazo nyumbani. Ganda la yai na mfupa wa kuku huvuta dubu weusi kwenye maegesho, na dubu aliyezoea chakula cha watu huishia kuuawa.

Walio mbali na huku wasijione wameachwa. Ndugu wa Virginia na North Carolina wana milima ya Blue Ridge, na rangi zao huja baadaye, katikati ya Oktoba hadi mwishoni mwake, juu kwanza na mabondeni mwisho. Barabara ya Skyline ndani ya hifadhi ya Shenandoah ina maili 105, na mwendo wa juu unaoruhusiwa ni maili 35 kwa saa. Ya Blue Ridge Parkway ina maili 469, kwa hiyo kata kipande kimoja tu cha siku moja. Huko tazameni kwanza sehemu zilizofungwa, maana kimbunga Helene cha Septemba 2024 kiliibomoa vibaya barabara hiyo upande wa North Carolina. Kanuni ni ile ile: vituo vichache vya kusimama, mwanga wa kutosha, na saa ya kurudi isiyojadiliwa.

Nimalizie na ombi. Katika nyumba zetu wamo wazee walioletwa na watoto wao, babu na bibi ambao tangu wafike wanaijua sebule, dirisha la sebule, na zahanati. Kwao walikuwa watu wa kutoka alfajiri kwenda shambani, wakiujua mlima kwa jina na mto kwa sauti. Leo wanalea wajukuu ndani ya nyumba zenye joto la mashine na hawasemi kitu, ila wanachakaa. Kiti kimoja cha gari lako ni chao. Ukipanga safari hii na nafasi ikawa ndogo, bakiza begi, usimbakize mzee. Mketishe mbele, mwekee blanketi miguuni, na ukifika kilele mfungulie mlango ashuke asimame kwenye upepo.

Basi, wasikilizaji, angalieni zamu zenu za juma lijalo. Yeyote mwenye mapumziko katikati ya juma ampigie simu usiku huu mtu mmoja mwenye gari na mzee mmoja asiye nalo. Jazeni mafuta, pakueni ramani, ondokeni mapema, na saa 9 alasiri mgeuze. Majani hayatafika mwisho wa mwezi. Nawatakia safari njema, na fungeni mikanda.